Jinsi Manyoni Ilivyokunywa Dawa za Bahi

Wanangu, juzi binti mmoja anaitwa Neema alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga mahali asipopajua.

"Shikamoo mama. Mimi naandika programu pale kwenye kampuni ya dawa. Tumeamua kuubadilisha ule mfumo mlioutengeneza ninyi. Wakubwa wamesema nikuarifu kwanza, usije ukajisikia vibaya."

Nilicheka mpaka mjukuu wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Nijisikie vibaya? Nilifurahi kama mama anayeambiwa binti yake kapata mchumba. Nikamwambia Neema aje na wenzake wote, nitapika pilau, tuongee mpaka wachoke. Lakini najijua. Nikianza kusimulia narukaruka kama panzi, nao vijana wa siku hizi wana haraka. Kwa hiyo nayaandika haya kabla hamjafika, mje mmeshayasoma, tukikaa tule tu na kubishana.

Mimi naitwa Zaituni, mtoto wa Kondoa mjini. Upande wa baba ni watu wa biashara tangu enzi za misafara, nasi nyumbani tuliamini kuwa mtu mzima ni mtu mwenye duka. Mimi nikaangukia kwenye kompyuta. Baba alikufa akiamini ninauza kompyuta, na sikuona sababu ya kumsahihisha.

Ukweli ni kwamba maisha yangu yote ya kazi nilifanya kitu kimoja: kuchukua programu za biashara zilizochoka na kuziingiza kwenye zama mpya. Wapo waliopata bahati ya kuanza na karatasi nyeupe. Mimi sikuipata, na siwaonei wivu. Kazi yangu ilikuwa ya kubadilisha msingi wa nyumba huku wenyewe wamo ndani, wanapika, wanalala, wanagombana. Ukikosea wanaangukiwa. Ukipatia hawajui kama ulikuja. Na niwaambie, hakuna kazi tamu kama hiyo.

Kampuni yenyewe ilikuwa inasambaza dawa. Stoo yetu ilikuwa hapa Dodoma, na magari yetu yalikwenda Mvumi, Bahi, Kondoa mpaka Kolo kwa mama yangu mdogo, na kuelekea magharibi hadi Manyoni. Zahanati, vituo vya afya, maduka ya dawa. Na kila kidonge kilichotoka kwenye stoo ile kilipita kwenye kompyuta moja iliyokaa kona, yenye skrini nyeusi na herufi za kijani. Kila asubuhi tuliipuliza vumbi, maana upepo wa Dodoma mnaujua, unaingia hata kwenye chumba kisichokuwa na dirisha.

Programu ile iliandikwa na Mwalimu Chipanha. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyejifunza kompyuta mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, wakati ambapo wengi wetu tulidhani kompyuta ni aina ya televisheni. Akaajiriwa na kampuni, akaandika kila kitu peke yake: oda, stoo, tarehe za dawa kuharibika, mpango wa magari. Alipostaafu alirudi kwao Bahi kulima mpunga. Kazini hawakuuita mfumo. Waliuita "Mwalimu". Utasikia mtu anasema, "Muulize Mwalimu kama kuna dripu," na anayeulizwa ni kompyuta.

Mwalimu alifanya kazi kwa uaminifu miaka na miaka. Lakini serikali ilipohamia Dodoma mji ukafumuka. Maduka ya dawa yakachipuka kila mtaa, oda zikawa zinakuja kwa simu, na mashine ile ilikuwa moja tu, haina mwenzake, vipuri vyake havipo popote. Programu yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo vyuo viliacha kuifundisha zamani. Meneja akaniita akasema, "Zaituni, hii ikifa tunakufa nayo." Akanipa kijana wa kunisaidia, Baraka, mtoto wa Mbeya, ametoka chuo kikuu pale mlimani na moto unawaka machoni.

Siku ya kwanza Baraka aliitazama ile skrini ya kijani, akanigeukia. "Mama, hii tunaifuta. Naandika upya yote."

"Yote?"

"Yote. Tena na rangi."

Nilimwacha aandike kipande kimoja, ule ukurasa wa kuingiza oda. Mtu mwenye moto humzimi, unamwonyesha tu kuni ziko wapi. Akaandika kwa furaha, na kweli ulikuwa ukurasa mzuri, vitufe vya bluu, picha ya kopo la dawa, kila kitu. Tukamwita Mama Tatu aujaribu.

Mama Tatu ndiye aliyekuwa anapanga mizigo. Kwenye mashine ya zamani vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayepiga kinanda, hatazami hata kibodi, anaongea na dereva dirishani huku oda inaingia. Sasa akashika kipanya. Akakisogeza. Akakipoteza kile kimshale. Akakipata kikiwa juu kabisa. Akabofya, ikatokea picha ya kopo la dawa, kubwa zaidi.

"Baraka mwanangu," alisema kwa upole, "hiki kidude nikikizoea vizuri nitakuwa nimeshastaafu."

Baraka alinyong'onyea kidogo, halafu akafanya jambo lililonifanya nimpende. Alivuta kiti, akakaa nyuma ya Mama Tatu, akaangalia vidole vyake kwenye mashine ya zamani asubuhi nzima. Mchana akaniambia, "Mama, hasomi skrini. Anakumbuka njia." Akarudi akaandika upya ukurasa ule uendeshwe kwa kibodi, vitufe vilevile, mpangilio uleule. Rangi ya bluu aliibakiza, nami sikumnyima. Hilo likumbukeni: programu ya zamani imekaa pia kwenye vidole vya watu, na huko hakuna anayeweza kuifuta.

Halafu kulikuwa na mkasa wa Ng'hong'onha. Mnapajua, ni hapahapa karibu na chuo. Ule mfumo mpya ulikuwa unakwenda vizuri, unapokea oda kutoka kila mahali, lakini kila oda ya Ng'hong'onha ikiingia, unaanguka. Unazima kabisa. Tukahangaika, tukabadilisha hiki na kile. Kumbe zile alama ndogo za juu kwenye ng' za jina! Vifaa tulivyotumia vilitengenezwa na watu ambao hawajawahi kutamka jina kama hilo, na kwao alama ile ina maana ya mwisho wa maneno. Baraka akapendekeza tuziondoe, tuandike "Nghonghonha" basi. Mama Tatu akainua macho. "Hapo umetaja kijiji cha nani?" Ikabidi tutengeneze vifaa, jina tukaliacha kama lilivyo. Mpaka leo nikipita Ng'hong'onha napaheshimu. Pale ndipo mahali palipotufundisha kujaribu kazi yetu kwa majina ya watu wetu kabla ya kujisifu.

Lakini niliyotaka kuwasimulia hasa ni habari ya Manyoni.

Tulipoanza kuhamisha taarifa za zamani, Baraka alichora mchoro wa dawa zilikokwenda kila msimu. Akaniita. Manyoni ilikuwa imesimama juu ya wenzake wote kama mnara. Msimu wa kiangazi ni ya kawaida, mvua zikianza inapaa. Insulini, chanjo, dawa za sumu ya nyoka. Kwa mchoro ule, mvua zikinyesha Manyoni hakuna mtu mzima wa afya.

Meneja alipouona alipiga meza kwa furaha. "Nimesema siku zote. Manyoni ndiyo soko." Alikuwa ameshakwenda kutazama nyumba ya kupanga afungue tawi.

Mimi nina ndugu Manyoni. Ni watu wa afya njema kabisa. Nikamwendea Mama Tatu na ule mchoro. Aliutazama, akatazama mlango.

"Ufungeni kwanza," alisema.

Baraka akafunga.

"Mwalimu hataki kupeleka dawa za friji Bahi msimu wa mvua," Mama Tatu alieleza. "Ukiandika Bahi, anakuandikia 'SUBIRI'. Unasubiri mpaka lini? Mvua ziishe? Wagonjwa wanapiga simu. Basi mimi naandika Manyoni, namwambia dereva ashushe Bahi, si iko njiani? Dereva anajua, Bahi wanajua. Asiyejua ni Mwalimu."

"Tangu lini?" nikauliza.

"Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu ndiye aliyenifundisha."

Baraka alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka. Mimi nilicheka pia, lakini nilifikiria ile nyumba ya Manyoni na tawi ambalo lingefunguliwa kuhudumia wagonjwa wa Bahi. Tukaenda kumweleza meneja taratibu. Alitusikiliza, akasema tu, "Nilikuwa nimeshachagua rangi ya kupaka."

Tukarudi kwenye msimbo, yaani yale maandishi yenyewe ambayo programu imeundwa kwayo. Baraka akaitafuta ile kanuni, akaipata. Mistari michache tu: kama ni msimu wa mvua, na dawa ni ya friji, na mahali ni Bahi, kataa. Pembeni Mwalimu alikuwa ameandika neno moja: MAJI.

"Ni makosa haya," Baraka alisema. "Barabara ya Bahi ni lami. Nafuta."

"Umejua kwa nini aliiweka?"

"Sijui."

"Basi huwezi kuifuta. Mwenye nayo yupo hai, tena hayuko mbali."

Kesho yake tulipanda basi mpaka Bahi, kisha bodaboda mbili kuelekea mashambani. Tulimkuta Mwalimu Chipanha ndani ya jaruba, suruali imekunjwa, tope mpaka magotini. Nilimsalimia kwa Kigogo changu kibovu, "Mbukwenyi," akaniitikia, lakini hakutoka kwenye maji. Baraka akatoa shikamoo yake kwa adabu zote.

"Marahaba. Nimesikia mnaifuta programu yangu," alisema Mwalimu. "Mmekuja kunipa pole?"

"Tumekuja kuuliza maana ya neno moja," nikamjibu.

"Lipi?"

"Maji. Kwenye kanuni ya Bahi."

Aliacha alichokuwa anafanya. Akatoka, akanawa miguu mferejini polepole sana, akatuongoza mpaka nyumbani kwake. Mkewe alituletea wali na kambale wa kukausha, na hakuna aliyeuliza tena mpaka tukanawa mikono. Ndipo Mwalimu akaanza.

Siku moja, enzi hizo barabara ni ya udongo, alipanda gari la dawa akaone jinsi mizigo inavyopokelewa, apate kuiandikia programu. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa. Walipofika bondeni maji yalikuwa yamekata njia, na nyuma yao nako yakakata. Wakakwama katikati. Kwenye boksi la barafu kulikuwa na insulini ya mzee mmoja wa kijiji cha ng'ambo.

"Mwanawe alikuwa upande wa pili," alisema Mwalimu. "Tunamwona. Anatupungia mkono, nasi tunampungia. Barafu ikayeyuka. Nikawa nalifunika lile boksi kwa shati langu, kana kwamba shati lingesaidia. Maji yalipopungua tulimpa dawa iliyokwisha kuharibika."

Baraka aliuliza, "Na yule mzee?"

"Tulimkuta ameshazikwa."

Mwalimu akaendelea kueleza kwamba aliporudi Dodoma aliandika mambo mawili. La kwanza, kabla ya mvua kuanza, programu ichape taarifa kubwa: BAHI, PELEKA SASA. Dawa za friji ziende mapema, zijae kule. La pili, mvua zikishaanza, ikatae kupeleka, dawa isije ikaharibikia njiani tena.

Nikashtuka. Nilifanya kazi kando ya mashine ile muda mrefu na sikuwahi kuiona hiyo taarifa. "Ilikuwa inachapwa wapi, Mwalimu?"

"Kwenye ile printa ya mkanda. Si ipo?"

Printa ile ilikufa, ikatupwa, na hakuna aliyeuliza ilikuwa inasema nini. Wanangu, hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu baada ya kuifanya nusu ya umri wangu. Nusu ya kanuni ilikufa na printa, ile nusu ya busara. Ikabaki nusu ya ukatazaji, na watu wakaikwepa, nao walikuwa na haki ya kuikwepa.

"Lakini Mwalimu," alisema Baraka, "siku hizi ni lami. Magari yanapita masika na kiangazi."

"Lami ni barabara kuu, mwanangu. Vijiji vya ng'ambo ya mbuga bado vinakatwa. Ninapokaa hapa nayaona maji."

"Kwa hiyo kanuni ni sahihi na si sahihi."

"Ndivyo zinavyozeeka," Mwalimu alijibu.

Baraka, ambaye siri haimkai tumboni, akamweleza habari ya Manyoni. Mwalimu alisikiliza. Akauliza, "Wanaandika Manyoni?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Mkewe akatoka kutazama. Kisha kicheko kikaisha, uso ukabadilika.

"Yaani miaka yote hiyo walikuwa wananidanganya."

"Hawakuwa wanakudanganya wewe," nilisema. "Programu ilibaki bila mtu wa kuilea. Njoo tuilee pamoja hiyo mpya."

Aliingia ghalani. Akatufungashia mpunga, akatusindikiza mpaka bodaboda. Lakini wiki iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye benchi la mapokezi, amevaa koti, miguu imeoshwa vizuri. Alikuwa amefikia kwa binti yake hapa mjini. "Nionyesheni," alisema.

Nyie, siku zile zilikuwa tamu. Baraka na Mwalimu walikaa meza moja, wakigombana toka asubuhi. Baraka akimfundisha lugha mpya, Mwalimu akimfundisha kutochezea kumbukumbu ya mashine kana kwamba imeokotwa. Siku Mwalimu alipoandika mistari yake ya kwanza kwa lugha mpya ikafanya kazi, alisimama akazunguka meza, akakaa tena, akasema, "Hebu nirudie." Nilikuwa naingia kazini mapema kuliko mfagizi kwa hamu ya kuona watabishana nini.

Mtaniuliza tulihamaje. Hatukuhama kwa mkupuo. Tulihamisha kipande kimoja, tukakiacha kitembee sambamba na cha zamani, kila mzigo ukiingizwa mara mbili, na jioni tunalinganisha. Majibu yakitofautiana tunatafuta nani kakosea. Msidhani wa zamani ndiye anayekosea daima, na msidhani mpya ndiye mjinga. Tulikamata makosa pande zote mbili. Siku ya kwanza majibu yalipofanana kutoka juu mpaka chini, Baraka aliinua karatasi mbili kwenye mwanga wa dirisha, moja juu ya nyingine, herufi zikalaliana. Mama Tatu aliagiza soda kwa ofisi nzima.

Kanuni ya mvua tuliiandika upya kabisa. Mwezi wa kalenda hautaamua tena. Mama Tatu ataweka alama njia ipi iko wazi, ipi inakaribia kukatika, ipi imekatika, na mfumo utasema nini kiende kwanza na wapi, ukiangalia kituo kimebakiwa na nini. Tatizo lilikuwa moja. Tuliiandika kiangazi. Hatukuwa na mvua ya kuijaribia.

Mvua ikaja, na haikuja peke yake. Asubuhi moja umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, na Mama Tatu akatokea mlangoni kwangu. "Zaituni, Mwalimu haamki."

Tulijaribu kila tunachokijua. Skrini ilibaki nyeusi. Mwalimu mwenyewe, yule wa nyama na damu, alikuwa amerudi Bahi kupandikiza mpunga. Meneja akaja akasimama katikati ya chumba. "Rudini kwenye kalamu."

"Kalamu haijui friji gani ina nini," Mama Tatu alimjibu.

Walinigeukia mimi. Mfumo mpya ulikuwa haujawahi kupanga safari peke yake hata siku moja. Niliogopa, na sitawaficha, haikuwa hofu peke yake. Nilikuwa kama mtu aliyefundisha mtoto kuogelea kwenye beseni na sasa mto uko mbele.

"Washa," nikamwambia Baraka.

"Mama, kanuni ya mvua haijawahi kuona mvua."

"Leo itaiona."

Tulimpigia Mwalimu Chipanha. Simu ilikuwa na upepo mwingi. "Njia ya ng'ambo inapitika sasa hivi," alisema, "lakini mto umejaa huko juu, watu wanahamisha mbuzi. Kama mna gari, liondoke." Mama Tatu akaweka alama: inakaribia kukatika. Akabonyeza.

Orodha ilijipanga upya mbele ya macho yetu. Vijiji vya ng'ambo ya mbuga vilipanda juu kabisa, na dawa za friji zikatangulia: insulini, sindano za kuzuia damu kwa wazazi. Na mstari mmoja ambao hakuna aliyeutarajia, dawa ya sumu ya nyoka kwa kituo cha afya ambacho hakikuwa kimeagiza kitu.

"Hawajaomba," alisema meneja. "Mfumo wenu umeshaanza kuota."

Baraka alisoma msimbo wake kwa midomo. "Hapana, mzee. Walichobakiwa nacho ni kidogo, na njia inafungwa. Inasema waongezewe kabla."

Mama Tatu tayari alikuwa amepiga simu. Mganga wa kituo kile, kijana mwenye sauti ya haraka, akamwambia, "Leteni, mama. Tulisahau. Friji ya sola inafanya kazi." Meneja alitazama orodha, akatazama mvua dirishani, akasema, "Pakieni." Naye akavua koti akabeba boksi. Gari lilitoka adhuhuri haijafika. Dereva alirudi jioni na kusema alivuka akirudi huku maji yakilamba matairi. Kesho yake njia ikakatika.

Siku chache hazikuwa na habari. Kisha mganga yule akapiga, na Mama Tatu akamweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye kibodi.

"Habari za huko, mama. Naagiza. Ile ya nyoka tumeitumia yote, njia ikifunguka mtuletee nyingine. Kuna mama aliumwa akipandikiza mpunga, walimleta kwa machela. Yupo hapa. Anakunywa uji, analalamika hauna sukari."

Mama Tatu aliacha kuandika. Meneja aliyekuwa anapita alisimama palepale. Baraka akatoka nje, akasimama kwenye mvua bila mwavuli, akarudi shati limemganda mwilini, akakaa kwenye kiti chake na kuanza kuandika msimbo. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema, "Kolo nako kuna korongo."

Nilimpigia Mwalimu Chipanha nikamsimulia.

"Huyo mama ni wa wapi?" aliuliza.

Nikamtajia kijiji. Kilikuwa kilekile cha ng'ambo, cha yule mzee wa insulini.

Maji yalipopungua alivuka kwa miguu, fimbo mkononi, kumtafuta. Alimkuta shambani kwake, amerudi kazini kabla mguu haujapona sawasawa. Hakumweleza habari ya programu wala ya printa wala ya Manyoni. Alimsalimia, akamuuliza mguu unaendeleaje, na yule mama akamjibu kisha akamuuliza yeye ni nani. Akasema ni mwalimu mstaafu, alikuwa anapita tu.

Alinipigia akiwa bado kule kwenye majaruba, anahema. Sauti yake ilikuwa ya kijana aliyetoka kuona jina lake kwenye ubao wa matokeo.

"Zaituni," alisema, "anatembea. Nimemwona mwenyewe. Anatembea."